Bwana Limau na Mnara wa Balbu 250,000

Ukitaka bango lako lionekane usiku, unalitia taa. Jirani naye akitia taa, unaweka mota chini yake na kulizungusha. Jicho la binadamu ndivyo lilivyo: kitu kilichotulia linakizoea upesi, kinachosogea linakifuata hata kama mwenyewe hutaki. Sasa fikiria bango lenyewe ni mnara wa chuma wa zaidi ya mita 300, umekita miguu minne ardhini, na hauzunguki hata kwa dua. Utafanyaje? Swali hilo lilijibiwa mjini Paris usiku wa tarehe 4 Julai 1925, na aliyegharamia jibu ni André Citroën, mtu ambaye wengi wetu tunalijua jina lake kwa sababu limebandikwa kwenye magari, basi.

Jina lenyewe lina kisa. Mababu zake walikuwa Wayahudi wa Amsterdam, na mmoja wao alikuwa muuza matunda aliyeitwa Limoenman, yaani mtu wa ndimu. Kizazi kilichofuata, labda kwa kutaka heshima kidogo, kikaligeuza likawa Citroen, ambalo kwa Kiholanzi ni limau tu. Kwa hiyo ukoo ulihama kutoka ndimu kwenda limau. Baba yake akahamia Paris kufanya biashara ya almasi, na André akazaliwa huko tarehe 5 Februari 1878. Zile nukta mbili juu ya herufi e ziliongezwa Ufaransa, ili Wafaransa walitamke vizuri.

Alikuwa na miaka 6 baba yake alipojiua, mwaka 1884. Alikuwa na miaka 11 Mnara wa Eiffel ulipofunguliwa, mwaka 1889. Sitaki kujifanya mwanasaikolojia kwa sababu nimesoma kozi mbili za saikolojia ya elimu, lakini mtoto wa Paris wa umri ule, anayeona chuma kikipanda juu ya jiji siku hadi siku, hawezi kusahau.

Alisoma École Polytechnique, chuo kikubwa cha uhandisi. Mwaka 1900 alikwenda Poland kwa ndugu wa mama yake, akakutana na gia ambazo meno yake yalichongwa kwa umbo la V. Meno ya namna hiyo hushikana taratibu, hayagongani, kwa hiyo gia inakuwa kimya na ina nguvu. Akanunua haki ya kuzitengeneza. Zile V mbili zinazokaa juu ya pua ya kila gari la Citroën hadi leo ni meno ya gia hiyo.

Ilipokuja Vita vya Kwanza vya Dunia, alijenga kiwanda kwenye ukingo wa mto Seine, mahali paitwapo Javel, akawa anatoa maelfu ya makombora ya mizinga kwa siku. Wafanyakazi wengi walikuwa wanawake. Kiwandani kulikuwa na kantini, daktari wa meno na mahali pa kuwaachia watoto wachanga. Mambo hayo alikuwa anayaelewa mapema kuliko wenzake. Vita ilipokwisha mwaka 1918, mitambo ikabaki haina kazi, na mwaka 1919 ikaanza kutoa magari. Henry Ford alikuwa amemwonyesha njia Marekani: gari la aina moja, nyingi kwa mkupuo, kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifikiria. Gari la Citroën liliuzwa likiwa kamili, na taa zake za umeme na starta yake, wakati magari mengi ulikuwa unanunua injini na fremu kisha unatafuta fundi wa bodi.

Hapa ndipo anaponivutia. Mtu huyu hakuwa mvumbuzi mkubwa, wala hakuwa fundi wa kukesha chini ya gari. Kipaji chake kilikuwa kuwafanya watu wageuze shingo. Oktoba 1922, maonyesho ya magari ya Paris yalipokuwa yanafunguliwa, alikodi ndege ikaandika jina lake angani kwa moshi. Aliweka maelfu ya vibao vya barabarani nchi nzima vinavyoonyesha miji na kona za hatari, na kila kibao kina zile V mbili. Kibao kinakuokoa usitumbukie mtaroni na hapohapo kinakuuzia gari! Alitengeneza magari madogo ya kuchezea, yaliyofanana na yale ya kiwandani, na husimuliwa kuwa alitaka maneno matatu ya kwanza ya kila mtoto yawe mama, baba na Citroën. Akawauzia watu kwa mkopo, jambo lililokuwa geni Ulaya. Sisi tunaosubiri boom tunajua utamu wa kupata leo na kulipa baadaye.

Turudi kwenye mnara. Wazo la kuuvika taa lilikuwa la Fernando Jacopozzi, Mwitaliano wa Florence aliyeishi Paris, bingwa wa taa za mapambo. Wakati wa vita huyu bwana alipewa kazi ya ajabu: kujenga Paris ya uongo. Nje ya jiji alipanga taa zilizoiga stesheni na treni zinazopita, ili marubani wa Kijerumani wakija usiku wadondoshe mabomu kwenye mashamba matupu. Vita iliisha kabla jiji lile la uongo halijajaribiwa sawasawa. Lakini fundi alikuwa amejifunza jambo moja, kwamba ukipanga taa vizuri gizani mtu ataona kitu ambacho hakipo. Mwaka 1925 Paris ilikuwa na maonyesho makubwa ya sanaa za mapambo. Jacopozzi alitaka mnara uwake, na alihitaji mwenye pesa. Citroën akatoa pesa, na jina lake likapanda.

Namna ya kufanya kitu kisichosogea kionekane kinasogea ni rahisi kueleza. Unafunga balbu nyingi, zote zimetulia mahali pake. Unazigawa kwa makundi, kila kundi na waya wake. Kisha kundi la kwanza linawaka, linazimika, la pili linawaka, linazimika, la tatu vilevile. Balbu haikuhama hata sentimita moja, lakini jicho linaapa limeona mwanga ukikimbia. Mabango ya taa ya zama zile hayakuwa na kompyuta. Kazi hiyo ilifanywa na pipa linalozungushwa na mota, lenye vipande vya chuma juu yake. Kila kipande kikifika mahali pake kinagusa waya wa kundi lake na kulipa umeme. Ukitaka kubadilisha mchezo, unabadilisha mpangilio wa vipande. Kwa hiyo mzunguko ulikuwepo, ila ulifichwa mashineni. Bango lenyewe limesimama.

Pale mnarani zilifungwa balbu 250,000 za rangi sita, na nyaya za kilomita 90 hivi. Zilipowashwa, umbo la mnara lilijichora gizani, zikafuata nyota, vimondo, alama za nyota kumi na mbili za unajimu, mwaka 1889 ulipofunguliwa mnara na mwaka 1925 wenyewe. Halafu likaja jina, herufi moja chini ya nyingine, kutoka juu kushuka. Herufi N peke yake ilikuwa na urefu wa mita 20.8, sawa na ghorofa sita hivi. Bango lilionekana kutoka kilomita karibu 40. Tarehe 21 Mei 1927 Charles Lindbergh alipofika Paris peke yake na ndege yake kutoka New York, baada ya saa zaidi ya 33 angani, mnara ule uliowaka ulikuwa kati ya vitu alivyoviona kwanza. Citroën hakuchelewa. Ndani ya siku chache rubani alikuwa mgeni kiwandani Javel, mbele ya maelfu ya wafanyakazi.

Kuna upande wa habari hii unaotugusa sisi moja kwa moja. Oktoba 1924 Citroën alituma magari manane Afrika, yenye matairi mbele na mikanda ya mpira nyuma, kutoka Colomb-Béchar huko Algeria. Yalivuka Sahara, yakapita Chad na Kongo ya Wabelgiji hadi Kampala. Hapo msafara ukagawanyika mara nne: kundi moja likaenda Mombasa, jingine Dar es Salaam, jingine Msumbiji, na jingine likashuka hadi Cape Town. Juni 1925 msafara ulifika Antananarivo, Madagascar, siku chache kabla ya mnara kuwashwa. Safari hiyo ilikuwa na mchoraji wake na mtengeneza filamu wake, na filamu ilionyeshwa Paris kwenye jumba la Opera mwaka 1926. Kwa lugha nyingine, bara zima lilifanywa bango. Huko Kongo, maelfu ya Waafrika walikata njia msituni ili magari yapite, na majina yao hayakuandikwa popote kwa balbu. Mwanamke mmoja wa Kimangbetu, Nobosodru, alipigwa picha ya ubavu akiwa na nywele zake zilizosukwa kwenda juu, na sura yake ikawa nembo ya safari, mpaka ikachongwa kuwa pambo la kuwekwa mbele ya gari. Sijaona popote panaposema kwamba kuna mtu alimwuliza. Nikisoma sifa za ubunifu wa Citroën katika matangazo, na mimi mwenyewe nimemsifu hapo juu, huwa nasimama hapa.

Sasa pesa. Wapo wanaosema matangazo ndiyo yaliyomfilisi, na wanaongeza kamari, maana ni kweli alikuwa mcheza kamari mkubwa kwenye kasino ya Deauville. Mimi naona ni maelezo rahisi mno. Matangazo yaliuza magari. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alikuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote Ulaya. Tatizo ni kwamba alijenga kila kitu kwa pesa ya kukopa na kwa imani kuwa kesho itauza kuliko leo. Mdororo wa uchumi ulipoikuta Ufaransa, kesho ikagoma. Mwaka 1933 alipunguza mishahara, na wafanyakazi wakagoma kwa zaidi ya mwezi. Mwaka huohuo, badala ya kujibana, alibomoa sehemu kubwa ya kiwanda cha Javel na kukijenga upya ndani ya miezi michache, akakizindua kwa karamu ya wageni zaidi ya 6,000. Na mnarani, mwaka huohuo tena, ikaongezwa saa kubwa ya taa.

Nimejaribu kumfikiria fundi wa Javel aliyekatwa mshahara, anarudi nyumbani usiku, anainua macho na kuona jina la tajiri wake likishuka kwa rangi sita. Kila balbu ile inakula umeme. Sisi wa ualimu tunafundishwa kubadili sauti, kusogea darasani, kutumia zana za rangi, ili wanafunzi wasisinzie. Mwalimu wangu mmoja alikuwa na kawaida ya kutuuliza baada ya somo la majaribio lililochangamka: haya, wamekutazama, na walipokutazama uliwapa nini?

Kwa haki, Citroën alikuwa na cha kuwapa. Aprili 1934 alitoa gari jipya linalovutwa na matairi ya mbele, bodi yake ikiwa kitu kimoja bila fremu ya chini, limelala karibu na ardhi na linashika barabara kuliko mengi ya wakati wake. Wafaransa waliliita Traction Avant, na liliendelea kutengenezwa hadi 1957. Lakini lilitolewa haraka likiwa bado na kasoro, na wadai wake hawakuwa na subira. Desemba 1934 kampuni ikafilisika. Michelin, watengeneza matairi waliokuwa wakimdai pesa nyingi kuliko wengine, wakaichukua. Yeye akawekwa pembeni ya kampuni yenye jina lake mwenyewe, tayari akiwa anaugua saratani ya tumbo.

Alifariki tarehe 3 Julai 1935, siku moja kabla ya kutimia miaka kumi tangu taa ziwashwe, akazikwa makaburi ya Montparnasse. Jacopozzi alikuwa ametangulia mwaka 1932. Wenye kampuni wapya walikuwa watu wa kubana matumizi, na katikati ya miaka ya 1930 jina likateremshwa kutoka mnarani. Gari lile la 1934, baada ya kurekebishwa, likauzwa kwa maelfu kwa maelfu, na faida ikaenda kwa Michelin. Kiwanda cha Javel kimeshabomolewa; mahali pake kuna bustani ya umma yenye jina la Citroën, imeandikwa kwenye kibao cha kawaida.