Nanji Kalidas Mehta: Mlohana wa Lugazi

Hayati Nanji Kalidas Mehta alizaliwa mwaka 1887 karibu na Porbandar, magharibi mwa Bara Hindi, katika jamii ya Walohana. Mapokeo ya Wahindu hao yasema kwamba wametokana na Lava, mwana wa Rama, na kwamba wahenga wao walikuwa wapiganaji kabla ya kuweka upanga chini na kushika mizani.

Angali kijana mdogo, Mehta alivuka bahari kwa jahazi. Nchini Uganda alifanya biashara ya duka na ya pamba, na mwaka 1924 akaanzisha kiwanda cha sukari huko Lugazi. Alifariki mwaka 1969.

Miaka mitatu baadaye, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka. Kutoka Kampala hadi Mbarara maduka yao yalifungwa. Kwenye vizuizi vya barabarani baadhi ya askari waliwapora wasafiri, na maduka mengi yakagawiwa wanajeshi. Bidhaa zikaadimika, sukari ikiwemo. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, jamaa za Mehta walirejea wakakifufua kiwanda.

Karibu na Mbarara ipo Nakivale, iliyowapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959, na baadaye wengine kutoka Kongo, Burundi na Somalia. Askari alindaye lango lake na akumbuke: mgeni aingiaye mikono mitupu huenda ndiye mjenzi wa kesho. Bunduki ya dola ni ya kumlinda, si ya kumpokonya.