Ibn Battuta: Mgeni aliyeonja vyakula vya pwani akawapita kombe wa Munje

HUENDA hakuna mgeni wa kale ambaye maelezo yake kuhusu chungu cha Mswahili yamerudiwa mara nyingi kuliko Ibn Battuta. Msafiri huyo kutoka Morocco alifika Mombasa mwaka 1331, akalala usiku mmoja tu, kisha akaacha habari kwamba chakula cha wenyeji kilikuwa hasa ndizi na samaki. Karibu karne saba baadaye, habari hiyo bado hutumiwa kama ushahidi wa walichokula mababu zetu.

Mkazi wa Munje, katika eneo la Msambweni, Kaunti ya Kwale, angekuwa na la kuongeza. Maji yanapokupwa siku za bamvua, wanawake na watoto wa upwa huu huteremka na ndoo kuokota kombe, chaza na tondo. Kitoweo hicho hakihitaji mashua wala wavu. Hakimo katika habari za msafiri.

Abu Abdallah Muhammad Ibn Battuta alizaliwa Tangier mwezi Februari 1304, katika ukoo wa makadhi. Mnamo Juni 1325, akiwa na umri wa miaka 21, aliwaaga wazazi wake kwenda Hija. Hakurejea nyumbani hadi 1349, na alipofika alikuta mama yake amekwisha kufa kwa tauni.

Huku kwetu alianzia Mogadishu. Alipokewa kama msomi, akaletewa chakula mara tatu kwa siku: wali uliopikwa kwa samli, juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, pamoja na achari ya ndimu, tangawizi na maembe. Alistaajabu jinsi mtu mmoja alivyoweza kula chakula cha kundi zima. Mombasa alisifu ndimu na zambarau, misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na wenyeji waliotawadha miguu kabla ya kuingia humo. Kisha chombo chake kikafuata upepo wa kaskazi kwenda Kilwa, alikotawala Sultan al-Hasan bin Sulaiman, aliyesifika kwa ukarimu.

Kati ya Mombasa na Kilwa ndipo ulipo upwa wa Kwale. Msafiri hakusimulia lolote juu yake.

Si kwamba hakuwajua viumbe wa magamba. Katika Ghuba alieleza kwa kina wazamiaji wa lulu walivyofungwa kamba kiunoni na kushuka kutafuta chaza. Aliamini kwamba vipande vya nyama vilivyokatwa ndani ya chaza viligeuka lulu vikiguswa na hewa, jambo ambalo si kweli, kwani lulu huumbika chaza akiwa hai baharini. Huko Maldivi, alikofanya kazi ya ukadhi, aliona kauri wakifukiwa mashimoni hadi nyama ioze, magamba yabaki kuwa fedha ya kununulia mchele wa Bengali. Konokono wa bahari alikuwa sarafu na chaza alikuwa kito. Kitoweo hakikutajwa.

Sababu, kwa maoni yangu, ni meza alizokaribishwa. Ibn Battuta alikula kwa masultani, makadhi na wafanyabiashara, na mgeni wa heshima huchinjiwa, hapelekewi alichookota mke wa jirani matopeni. Lakini majalala yaliyofukuliwa na wanaakiolojia katika miji ya kale ya pwani yana magamba ya viumbe hao pamoja na mifupa ya samaki na mbuzi. Waliokuwa wakiwala hawakuwa na mwandishi.

Namna ya kumpika haina siri. Kombe huoshwa, huachwa katika maji ya bahari ateme mchanga, kisha huchemshwa hadi afunguke, asiyefunguka hutupwa. Nyama hutiwa katika tui pamoja na kitunguu, bizari, na ndimu au ukwaju, ikaliwa kwa wali au sima. Nyanya na pilipili tunazoongeza leo hazikuwapo mwaka 1331, maana zilitoka Amerika baadaye. Nazi, ndimu na tangawizi zilitosha.

La kushangaza ni kwamba karibu kila bandari aliyotia nanga ina upishi wake. Malabar, India, alikopita Kalikut, Waislamu wa huko hujaza unga wa mchele na nazi ndani ya kome, wakawapika kwa mvuke na kuwakaanga. Kusini mwa China, ambako anasema alifika miaka ya 1340, kombe hukaangwa harakaharaka kwa tangawizi na maharage meusi yaliyochachushwa. Malaga, Uhispania, aliyoizuru baada ya kurejea kwao, leo huwapika kwa kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Tui la Munje halina cha kuonea haya mbele ya vyungu hivyo.

Safari yake kubwa ya mwisho, ya 1352 hadi 1353, ilimpeleka Mali. Huko uji wa viazi vikuu uliwadhuru yeye na wenzake watano, mmoja akafa. Aliporudi Fez, Sultan Abu Inan aliamuru habari zake ziandikwe. Ibn Battuta alimaliza kusimulia mwezi Desemba 1355, na mwandishi Ibn Juzayy wa Granada akakamilisha kitabu. Msimuliaji aliteuliwa kadhi katika mji mmoja wa Morocco, akafariki, kwa makadirio ya wengi, mwaka 1368 au 1369.

Maandishi hayo yalichapishwa Paris, Kiarabu na Kifaransa kwa pamoja, kati ya 1853 na 1858. Ni juzuu nne nzito. Mombasa ilipata aya moja fupi.