George Grant: Daktari wa Meno Aliyeunyanyua Mpira wa Gofu

Ukitaja jina la Grant hapa Tabora, mtu aliyesoma historia atakuambia habari za James Augustus Grant, yule askari wa Kiskoti aliyefika Kaze pamoja na Speke mwaka 1861, wakienda kutafuta chanzo cha Mto Nile. Huyo wengi tumekutana naye darasani. Mimi leo nawaletea Grant mwingine, ambaye nadhani mwanachuo wa Tabora anamhitaji zaidi kuliko yule wa kwanza. Anaitwa George Franklin Grant. Alikuwa Mmarekani mweusi, daktari wa meno na mwalimu wa chuo kikuu, na ndiye aliyebuni kijiti kidogo cha kuwekea mpira wa gofu, kile wachezaji wanachokiita tii.

Najua kuna watakaosema gofu inatuhusu nini sisi, watu wa asali na tumbaku. Vumilieni kidogo, tutafika.

George alizaliwa tarehe 15 Septemba 1846 katika mji wa Oswego, jimbo la New York, kando ya Ziwa Ontario. Wazazi wake, Tudor na Phillis, walikuwa wamewahi kuwa watumwa. Baba alikuwa kinyozi. Miaka hiyo hiyo, upande wetu wa dunia, misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilikuwa ikipita Unyanyembe, kati ya Ziwa Tanganyika na pwani. Kwa hiyo tunamzungumzia mtoto wa watu waliotoka kwenye janga ambalo njia yetu hii inalifahamu vizuri sana.

Alipofika miaka 15 akapata kazi kwa daktari wa meno wa pale mjini, Dk. Albert Smith. Msidhani alikwenda kusomea udaktari. Alikuwa kijana wa kutumwa tu: kalete hiki, peleka kile. Ila kijana alikuwa na macho. Taratibu akaanza kusaidia kazi za maabara, yaani kule nyuma ambako meno bandia yanatengenezwa, na Smith akamhimiza asonge mbele. Mwaka 1867 akahamia Boston, jimbo la Massachusetts. Mwaka uliofuata akaingia shule ya udaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Harvard, akahitimu 1870. Alikuwa mtu mweusi wa pili kumaliza pale. Wa kwanza ni Robert Tanner Freeman, aliyehitimu mwaka mmoja kabla.

Hapo Massachusetts ndipo habari hii inapogusana na Tabora. Karibu na Boston kuna bandari ya Salem. Wafanyabiashara wa Salem walikuwa wakitia nanga Unguja miaka mingi kabla ya hapo, na mwaka 1833 Marekani na Sayyid Said walitia saini mkataba wa biashara. Walileta kitambaa cha pamba kilichofumwa kwenye viwanda vya jimbo lao, wakaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Pamba yenyewe ililimwa na watumwa weusi wa kusini mwa Marekani. Kitambaa hicho ndicho wazee wetu walichokiita merikani, na kilifika Unyanyembe vichwani na mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Unaona? Kabla Harvard haijamjua George Grant, nguo ya jimbo lile ilikuwa imeshavaliwa hapa.

Turudi kwa mtu wetu. Mwaka 1871 Harvard ikamwajiri kufundisha ufundi wa meno bandia. Akawa mhadhiri wa kwanza mweusi katika chuo kile, na akakaa kwenye kazi hiyo miaka 19. Mwaka 1881 wahitimu wa shule yake ya meno wakamchagua kuwa rais wa chama chao. Hata Charles Eliot, rais wa Harvard yenyewe, alikuwa mgonjwa wake. Sisi tunaosomea ualimu tujue kwamba huyu alikuwa mwalimu kwanza, uvumbuzi ukafuata humo humo kazini.

Sifa yake kubwa ya kitaaluma ilikuwa kuwasaidia watu waliozaliwa na mpasuko wa kaakaa. Mtu wa namna hiyo akila, chakula kinaweza kupandia puani. Akiongea, sauti inatokea puani kiasi kwamba watu hawamwelewi, na wasio na adabu wanamcheka. Grant alibuni kaakaa bandia ya kuziba lile pengo, mgonjwa akaweza kuongea kama wenzake. Kila mdomo una umbo lake, kwa hiyo kifaa kilibidi kiufuate mdomo wa mgonjwa. Ukikitengeneza kwa kukadiria, kinaumiza au kinadondoka. Kazi hiyo ndiyo iliyomzoesha kuwaza kwa vipimo vidogo sana.

Sasa gofu. Mchezo huo ulikuwa bado mgeni Marekani Grant alipoupenda, na alikuwa miongoni mwa weusi wa mwanzo kuucheza kule. Alicheza na marafiki kwenye uwanda wa nyasi huko Arlington, nje kidogo ya Boston. Kwa ambaye hajawahi kuona, mpira wa gofu ni mdogo, unaenea kiganjani, na unapigwa kwa fimbo kuelekea shimo lililoko mbali, wakati mwingine mita mia kadhaa. Kwenye pigo la kwanza la kila shimo unaruhusiwa kuunyanyua mpira kidogo juu ya ardhi, ili fimbo iupate wenyewe bila kuchota udongo.

Enzi zile mpira uliinuliwa kwa mchanga. Unachota mchanga, unaulowesha maji, unaufinyanga kijilima kwa vidole, ndipo unaweka mpira juu. Mashimo yakiwa 18, umefinyanga mara 18. Mikono inachafuka, kijilima cha sasa kirefu na kijacho kifupi, na mchanga ukikauka unaporomoka kabla hujapiga. Mtu aliyezoea kupima kaakaa za watu angevumiliaje jambo hilo?

Wapo waliojaribu kabla yake. Mwaka 1889 Waskoti wawili, William Bloxsom na Arthur Douglas, walisajili kifaa kilicholazwa juu ya nyasi. Grant akaja na kijiti cha mbao kilichochongoka upande mmoja, na upande wa pili kimevikwa kipande cha raba chenye uwazi wa kuukalisha mpira. Unakidunga ardhini, basi. Ukikididimiza sana mpira unakaa chini, ukikididimiza kidogo unakaa juu, kwa hiyo kila mchezaji anajichagulia kimo chake. Fimbo ikipita, raba inalegea bila kulizuia pigo. Ukimaliza unakichomoa na kukitia mfukoni. Tarehe 12 Desemba 1899 serikali ya Marekani ikampa hataza namba 638,920.

Niliposoma maelezo hayo nilikumbuka ngata ya bibi. Bibi yangu hakuwahi kubeba ndoo bila ngata. Anachukua kitambaa, anakizungusha, ndoo kubwa ngata nene, ndoo ndogo ngata nyembamba, na akifika nyumbani anakikunjua kinakuwa kitambaa tena. Kifaa kidogo, kinabebeka, kinajirekebisha kulingana na mzigo. Ni akili ile ile.

Wenye moyo wa biashara sasa mtakasirika. Grant alitengenezesha vijiti vyake kwenye karakana ndogo, akavigawa kwa marafiki aliocheza nao. Hakuviuza. Alikuwa na wagonjwa wake na kazi yake, maisha yakaendelea. Alifariki tarehe 21 Agosti 1910 huko Chester, jimbo la New Hampshire, akiwa na miaka 63, na kijiti chake kikasahaulika pamoja naye.

Miaka ya 1920 akatokea daktari wa meno mwingine, mzungu wa New Jersey aitwaye William Lowell. Naye akatengeneza kijiti cha mbao, akakipaka rangi nyekundu, akakiita Reddy Tee, akamlipa mchezaji maarufu Walter Hagen akitumie mbele ya watu. Watazamaji wakavigombania. Lowell akapata hataza yake, na kwa miongo mingi yeye ndiye aliyetajwa kuwa mvumbuzi. Mchezo wenyewe haukuwa na haraka ya kumkumbuka mtu mweusi: hadi mwaka 1961 chama cha wachezaji wa kulipwa wa Marekani, PGA, kilikuwa na kifungu kinachosema wanachama wawe wazungu. Ni mwaka 1991 ndipo Shirikisho la Gofu la Marekani lilipomtambua Grant, miaka 92 baada ya hataza yake.

Nilimsimulia mwenzangu wa chumbani, akasema huyu jamaa alilalia hela. Tulibishana mpaka umeme ukakatika. Nakubali kwamba hela ilimpita. Lakini nilimuuliza swali moja: hao waliomtambua mwaka 1991 walimpataje mtu aliyekufa miaka 81 nyuma, ambaye hakuuza hata kijiti kimoja dukani? Jibu ni ile karatasi. Namba 638,920 ilikuwa na jina lake, tarehe, mchoro na maelezo ya kila sehemu. Lowell aliwashinda watu sokoni, ila hakuweza kuifuta tarehe.

Sasa wafikirie wapagazi wetu. Mtumba wa merikani ulioletwa Tabora ulikuwa na uzito wa hata kilo 30. Ulikazwa kwa vijiti vya miti vilivyofungwa ubavuni, vikichomoza, ili ukisimama kupumzika uuegemeze mzigo kwenye mti na kuunyanyua tena bila kuinama hadi chini. Huo ni ubunifu kamili. Kuna mtu aliuwaza kwanza, akaujaribu, akarekebisha urefu wa vijiti. Wasafiri wa Kizungu walipouona waliuandika kwenye vitabu vyao, na majina ya vitabuni ni yao. La mpagazi halipo popote. Wewe na mimi hatuwezi kumtambua mwaka 1991 wala 2091.

Nayasema haya kwa sababu na mimi nimefanya kosa hilo hilo. Kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka jana nilitengeneza kibao cha mteremko kwa somo la fizikia, kidato cha pili. Kinakunjika katikati kwa bawaba ya kandambili iliyokatwa, na kina mguu wenye matundu manne: ukihamisha msumari tundu la juu, mteremko unakuwa mkali. Kinaingia kwenye begi la mgongoni. Wanafunzi walikipenda, msimamizi akanipa maksi, nikakiacha stoo ya shule nikarudi chuoni. Juzi mdogo wetu wa mwaka wa kwanza akaniomba vipimo akitengeneze. Nikabaki nakuna kichwa. Sikuwa nimeandika hata sentimita moja.

Tunatengeneza zana za kufundishia kila muhula, wanachuo wenzangu. Tunapata maksi, halafu tunazitupa, na mwaka unaofuata wengine wanaanza upya. Si kila kibao kinastahili kupelekwa BRELA kuombewa hataza. Lakini kila kibao kinastahili mchoro, vipimo, tarehe na jina kwenye daftari linalobaki maktaba ya idara.

Mimi Jumamosi nilirudi kwenye ile shule. Kibao nilikikuta chini ya magunia, mguu umevunjika. Nikakipima, nikakichora kurasa mbili. Chini nimeandika majina mawili, langu na la fundi seremala wa mtaani aliyetoboa yale matundu, kwa sababu wazo la msumari lilikuwa lake.