Ignaz von Peczely

Ignaz von Peczely (1826 – 1911) alikuwa daktari wa Hungaria aliyetibu pia kwa homiopathia. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa iridolojia, yaani desturi ya kuchunguza airisi (duara lenye rangi linalozunguka mboni ya jicho) ili kutambua magonjwa ya sehemu nyingine za mwili.

Kisa cha bundi

Kulingana na masimulizi ya wafuasi wake, Peczely alipokuwa mtoto alimkamata bundi, na katika purukushani mguu wa ndege huyo ukavunjika. Inasemekana aliona alama nyeusi katika jicho la upande uleule, na kwamba alama hiyo ilibadilika mguu ulipopona. Hata hivyo August von Peczely, mtoto wa nduguye, alikana ukweli wa kisa hicho.

Kazi

Peczely alisomea udaktari Vienna. Alilinganisha macho ya wagonjwa na maradhi yao, kisha akachora ramani ya airisi. Katika ramani hiyo jicho la kulia huwakilisha upande wa kulia wa mwili na la kushoto upande wa kushoto. Kichwa kiko juu na miguu iko chini. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alitoa kitabu chake kwa Kijerumani.

Takriban wakati huohuo Nils Liljequist wa Uswidi alifikia mawazo yanayofanana, akiamini kwamba rangi ya macho yake ilibadilika baada ya kutumia kwinini na iodini. Baadaye mchungaji Emanuel Felke aliieneza iridolojia Ujerumani, na Bernard Jensen aliieneza Marekani.

Tathmini ya kisayansi

Mwaka 1979 watafiti wa Marekani waliwapa wanairidolojia 3 picha za macho ya watu 143, baadhi yao wakiwa na ugonjwa wa figo. Majibu yao hayakuwa bora kuliko kubahatisha. Mmoja aliwahesabu watu wazima wengi kuwa wagonjwa. Mwingine aliwahesabu kuwa wazima wengi wa wale waliougua sana. Majaribio mengine, kuhusu kibofu cha nyongo (1988) na saratani (2005), nayo hayakuonyesha kwamba njia hii inafaa.

Kwa kawaida, maumbo ya airisi hubadilika kidogo sana katika maisha ya mtu mzima. Ndiyo sababu hutumika kutambulisha watu kwa kompyuta. Iridolojia isichanganywe na uchunguzi wa madaktari wa macho, ambao wanaweza kuona madhara ya kisukari au shinikizo la damu katika retina, nyuma ya jicho. Hatari yake kuu ni mgonjwa kuambiwa ni mzima na kuchelewa kutibiwa, au mzima kutibiwa ugonjwa asio nao.

Peczely alifariki mwaka 1911, lakini ramani zilizotokana na kazi yake bado zinatumiwa na baadhi ya watoa tiba mbadala katika nchi mbalimbali.