Joseph Murumbi: Buda aliyeuza hazina yake bei ya chini ndio ibaki Kenya

Wewe msee wa Ewuaso Kedong mwenye jezi ya Bulls ya kitambo, ile uliichomoa kwa mitumba na hutaki hata binamu yako aiguse, skiza hii. Kuna buda mwenye mama Mmaasai alikuwa na huo ugonjwa wako, tena mbaya sana. Anaitwa Joseph Murumbi. Na kama ushawahi kushuka town ukapanga kukutana na mtu pale Archives, Moi Avenue, basi umesimama nje ya vitu zake bila kujua.

Murumbi alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911. Babake alikuwa mfanyabiashara Mgoa. Akiwa bado mtoi alipelekwa India kusoma, na aliporudi alikuwa kijana mkubwa. 1952, wakoloni waliposhika akina Kenyatta, yeye ndiye alibaki akifanya kazi ya katibu wa chama cha KAU. Mwaka uliofuata akatoka nchi. London alipiga kazi hata ya karani kwa ubalozi wa Morocco, na mrembo aliyemuoa, Sheila, alikuwa mkutubi. Hebu fikiria hiyo nyumba ilikuwa na vitabu ngapi.

Siasa tuipitie haraka. Alirudi 1962, akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na Mei 1966 akawa Makamu wa Rais. Mwaka huohuo akajiuzulu. Ndio, msee aliachilia kiti ya namba mbili! Wengi husema kuuawa kwa rafiki yake Pio Gama Pinto, Februari 1965, kulimvunja roho.

Sasa akapata time ya kile alipenda. Vitabu, stampu, vinyago, vitambaa, mapambo, barua za zamani, kutoka kila pembe ya Afrika. 1972 yeye na Mmarekani Alan Donovan wakaanzisha African Heritage, duka la sanaa Nairobi. Vitabu vilivyochapishwa kabla ya 1900 peke yake alikuwa navyo zaidi ya 8,000. Si mchezo.

Hapo ndipo kuna ngori. Watu wa majuu walitaka kununua kwa doh mob kuliko serikali yetu. Wewe ungefanya nini? Mimi sina uhakika ningekataa. Murumbi alikataa. Miaka ya 70 aliuzia serikali ya Kenya kwa bei ya chini, pamoja na keja yake ya Muthaiga, kwa makubaliano kwamba hiyo nyumba igeuzwe kituo cha utafiti wa mambo ya Afrika. Yeye na Sheila wakahamia Transmara.

Vitabu na stampu viliokoka, viko Archives hadi leo. Ukiingia, usikimbie stampu, hizo ndizo noma. Lakini nyumba ilibomolewa, kiwanja kikagawanywa, miti ikakatwa. Na Murumbi alikuwa bado hai.

Alifariki Juni 22, 1990. Hakutaka kuzikwa kwa shamba lake. Alitaka City Park, Nairobi, karibu na Pinto, na hapo ndipo alizikwa. Sheila alimfuata 2000, analala kando yake.