Alan Turing na Suala la Maonyo ya Kompaila

Mwanafunzi yeyote aliyewahi kuchapa insha ya Kiswahili kwenye tarakilishi anaijua mistari myekundu inayojitokeza chini ya maneno. Aghalabu mstari huo huangukia neno lisilo na kosa lolote. Wanaoandika programu hukumbwa na hali iyo hiyo. Kompaila, yaani programu inayofasiri maandishi ya mwanaprogramu kuwa maagizo ya mashine, huwaonya kuhusu sentensi ambazo huenda ni sahihi kabisa. Je, yafaa ifanye hivyo? Swali hili linaturudisha kwenye maisha ya msomi aliyeuweka msingi wa jibu kabla ya kompaila yoyote kuundwa.

Alan Mathison Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni nchini India, hivyo Alan na kakaye walilelewa na watu wengine Uingereza kwa vipindi virefu. Mwaka wa 1926, siku za kuanza masomo katika shule ya Sherborne ziligongana na mgomo mkuu wa wafanyakazi, na usafiri wa treni ukakwama. Kijana huyo wa miaka 13 aliendesha baiskeli peke yake kutoka Southampton, safari ya karibu kilomita 100, akalala njiani na kufika shuleni.

Mwaka wa 1931 alijiunga na Chuo cha King's, Cambridge, kusomea hisabati. Katika makala aliyoichapisha mwaka wa 1936 alibuni mashine ya kufikirika yenye utepe usio na kikomo, inayosoma alama, kuiandika au kuifuta, kisha kusogea. Akathibitisha kwamba hakuna utaratibu wa kimashine unaoweza kuichunguza kila mashine ya aina hiyo na kubaini, bila kukosea, iwapo itakwama au itaendelea na kazi yake. Mwaka wa 1953 Mmarekani Henry Gordon Rice aliupanua uthibitisho huo ukahusu takriban kila swali la maana kuhusu tabia ya programu.

Matokeo yake ni mazito. Mkaguzi wa kimashine anayetakiwa kuijibu kila programu hawezi kuepuka mambo mawili kwa pamoja: ama atayanyamazia baadhi ya makosa, ama atayashuku baadhi ya yaliyo sahihi.

Tarehe 4 Septemba 1939, siku moja baada ya Uingereza kuingia vitani, Turing aliripoti Bletchley Park, kituo cha kufumbua maandishi ya siri ya Ujerumani. Akijenga juu ya kazi ya wanahisabati wa Poland, alisanifu mashine iliyoitwa Bombe ya kutafuta mipangilio ya mtambo wa Enigma. Bombe ilipopata mpangilio usiojipinga ilisimama. Mara nyingi kusimama huko hakukuwa na jibu la kweli. Hata hivyo hakuna aliyeitupa kwa sababu hiyo. Watu waliichunguza kila ishara, wakaukataa uongo na kuushika ukweli. Mashine ilishuku, binadamu akaamua.

Baada ya vita, katika kongamano la Cambridge la Juni 1949, Turing aliwasilisha makala fupi kuhusu namna ya kuikagua programu ndefu. Alilinganisha kazi hiyo na kujumlisha safu za tarakimu: anayeandika zile zinazobebwa kwenda safu inayofuata humrahisishia mkaguzi, kwa kuwa kila safu huweza kukaguliwa kivyake. Vivyo hivyo, mwanaprogramu aandike katika kila hatua kile anachodai kuwa kweli, ili mkaguzi ayapime madai hayo moja moja. Mzigo wa kueleza kusudi ukawa wa mwandishi.

Wazo hilo tunaliona katika lugha ya programu ya C, iliyoundwa miaka ya mwanzo ya 1970. Humo alama moja ya usawa hutia thamani, na alama mbili hulinganisha. Anayetia moja mahali pa ulinganisho ameandika sentensi isiyovunja sarufi. Huenda amekusudia, huenda amesahau. Ni kama sentensi yetu ya darasani, mama alimpigia mtoto mpira: sarufi pekee haitoboi kilichomo moyoni mwa msemaji. Kompaila nyingi huonya, na mwandishi aliyekusudia huongeza mabano ya ziada. Onyo hukoma, na msomaji anayefuata pia huelewa.

Lakini onyo lisilotafakariwa lina hatari. Mwaka wa 2006, watunzaji wa Debian waliondoa mistari katika programu ya OpenSSL kwa sababu chombo cha ukaguzi kiliilalamikia. Kumbe mmoja ulikuwa nguzo ya usiri. Hadi kosa lilipotangazwa Mei 2008, funguo za siri zilizotengenezwa humo ziliweza kukisiwa. Kwa upande wa pili, mwaka wa 2014 ilibainika kwamba mstari uliorudiwa kimakosa katika programu ya Apple uliufanya ukaguzi muhimu wa usalama urukwe. Onyo kuhusu sehemu isiyofikiwa lingeweza kuufichua.

Turing hakuyaona hayo. Mwaka wa 1952 alihukumiwa chini ya sheria iliyoharamisha uhusiano wa mwanamume na mwanamume mwenzake, akapewa dawa za homoni badala ya kifungo. Alifariki tarehe 7 Juni 1954 kwa sumu ya sianidi, akiwa na umri wa miaka 41. Uchunguzi uliamua kwamba alijiua. Alipewa msamaha wa kifalme Desemba 2013.

Waama, kompaila inapaswa kuonya hata pale inapoweza kukosea, maadamu onyo ni swali wala si hukumu. Nasi tunaosahihisha kazi za wenzetu kwa kalamu nyekundu tungefaa kukumbuka kwamba chini ya mstari ule kuna mwandishi ambaye huenda alikusudia alichokiandika. Kwanza tumuulize.