Ephraim Shay: Mpasua mbao aliyeunda garimoshi la msituni

EPHRAIM Shay alizaliwa Ohio, Marekani, mwaka wa 1839. Baada ya kupigana upande wa Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, alihamia Michigan kupasua mbao. Huko magogo yalikokotwa juu ya theluji. Theluji ilipokuwa haba, kazi ilikwama.

Katika miaka ya 1870 Shay alitandika reli nyembamba za mbao. Garimoshi la kawaida likaziharibu kwa uzito na mshindo wake. Ndipo akabuni lake: silinda zilisimama wima ubavuni, zikazungusha mtaimbo mrefu uliosukuma kila gurudumu kwa meno. Mwendo ulikuwa wa kobe, lakini lilipanda miinuko na kukata kona zilizoyashinda mengine.

Alipata hataza mwaka wa 1881. Kiwanda kimoja mjini Lima, Ohio, kiliunda zaidi ya 2,700 kufikia 1945. Misitu ya misonobari ya Michigan, ambayo sasa ilikatwa masika na kiangazi, haikudumu.

Shay alifariki Harbor Springs mwaka wa 1916, mji aliokuwa ameujengea mitambo ya maji, na ambako aliwaundia watoto vigari vya kutelezea thelujini.